Kulabu ya Mwaloni

Tone la kwanza Teodora hakulijali. Injini ni kitu cha kuvuja; isipovuja oili itavuja maji. Lakini ile injini ya gari la Pijo ilikuwa imekauka miaka na miaka. Luhende, mumewe, alikuwa ameifungulia nati zote za chini akakinga karai, na hakikutoka kitu ila kutu. Sasa ilikuwa imeinuliwa shubiri moja tu, inaning'inia bado ndani ya boneti, na chini yake maji yanadondoka kwenye saruji. Teodora akainama ayafute. Yalinuka tope na magugu maji. Katikati ya kidimbwi kile, kisichozidi kiganja cha mkono, kulikuwa na furu mdogo, mzima, anapigapiga mkia.

Ndani ya nyumba binti yao akaanza kukohoa.

Luhende alimwangalia yule samaki, akasema ameletwa na paka. Jamani, paka gani huleta samaki mzima, akamweka chini, akaenda zake? Lakini ndiye Luhende huyo. Akishasema kitu chekundu ni cheupe, utakufa na wekundu wako. Waliishusha injini ili akaze bolti moja iliyolegea, na palepale mtoto akanyamaza, akaendelea kula ugali wake. Teodora aliliona hilo. Hakulisema, maana lingesemwaje?

Gereji yao iko Igoma, uani mwa nyumba wanayoishi, na getini imeandikwa kwa rangi nyekundu: WINNIE GEREJI. Winnie ndiye huyo mtoto, wa pekee, ana miaka saba. Luhende alimpenda kupita kiasi, hilo simnyimi. Kila chombo alichokinunua au kukiunda alikichomelea jina la binti yake kwa herufi za chuma, kisiibwe: spana, jeki, nyundo, hata karai la kukingia oili. Mafundi wenzake walimtania kwamba iko siku atamchomelea na mkewe.

Hiyo Pijo 404 ililetwa na Mzee Yeremia wa Misungwi. Ilikuwa ya marehemu baba yake, naye alitaka aisikie ikinguruma tena kabla hajamfuata. Mafundi wengine wote waliikataa. Injini ile haitoki kwa mikono, inataka kreni, na Luhende kukodi kitu anachoweza kukiunda aliona ni aibu. Basi akaunda. Alichukua mabomba matatu ya kisima kilichokufa, akayasimamisha, akayafunga vichwa kwa bolti nene. Ngoma ya kuzungushia waya ilikuwa hab ya gurudumu la lori. Meno aliyatoa kwenye gia ya mashine ya kusaga, akayawekea ulimi wa chuma wa kuzuia mzigo usirudi chini, nao ulilia tak, tak, tak kila mpini ulipozungushwa. Mwisho wa waya akafunga kulabu nzito, nyeusi, ya zamani. Kulabu hiyo hakusema ameitoa wapi, na Teodora hakuuliza. Mume anayeokota vyuma, ukianza kumuuliza kimoja kimoja utazeeka.

Jioni ile walikuwa wanakula waliposikia uani: tak. Kimya. Tak.

Walitoka. Mpini ulikuwa umetulia, injini imelala ndani ya gari walivyoiacha, na kulabu ilining'inia tupu. Lakini haikuning'inia kama vitu vinavyoning'inia. Waya ulikuwa umelala upande, umekaza, umeelekea magharibi liliko ziwa, nao unatetemeka kama mshipi ulionasa samaki.

"Baba Winnie," Teodora alinong'ona, "hakuna upepo."

Luhende aliishika kulabu akairudisha katikati. Alipoiachia, ikarudi palepale, polepole, kama mtu anayeutoa mkono wako begani mwake. Akasema mabomba hayajakaa sawa, atayapima kesho. Kisha akarudi kumalizia chakula chake! Teodora yeye hakumeza kitu tena. Harufu ya tope ilikuwa imeingia mpaka kwenye mboga.

Kesho yake adhuhuri, jua kali hata mabati yanalia, Luhende alimwita aje azungushe mpini. Teodora alikataa, wakabishana, na mwisho akakubali kwa sharti moja, kwamba Winnie akae pale kizingitini, amwone. Mtoto akakaa na kikombe chake cha uji. Teodora akazungusha. Tak, tak, tak. Injini ikaanza kutoka kwenye boneti, na Luhende akaingiza mkono chini yake kulegeza gia boksi iliyokuwa imekwama.

Kikombe kikaanguka.

Teodora aligeuka akamwona mwanawe ameduwaa, mdomo wazi, macho yametoka, na kutoka puani na mdomoni maji yanatiririka, si matapishi, maji, ya kijani, yamechanganyika na nyuzi za magugu, yanashuka kwenye gauni mpaka miguuni na kuenea kizingitini, na mikono yake midogo inapanda na kushuka hewani kama anayetafuta cha kushika mahali pasipo na kitu, pale kwenye jua, kwenye nchi kavu, hatua chache kutoka kwa mama yake, na Teodora alipoutazama mpini ili aurudishe nyuma akakuta mikono yake haiuzungushi tena, mpini unajizungusha wenyewe, tak, tak, tak, tak, injini inapanda, na kadiri inavyopanda ndivyo mtoto anavyozama.

"Ishushe," alisema. Sauti ilitoka ndogo.

"Bado kidogo," Luhende alijibu kutoka chini ya boneti, hajageuza hata shingo.

Teodora akaokota nyundo. "Toa mkono wako, Luhende."

Katika ndoa yao yote hakuwahi kumwita kwa jina. Hilo ndilo lililomfanya ageuke, akaona nyundo imeshapanda, akauvuta mkono. Hakuuwahi wote. Ulimi wa chuma uliruka kwa pigo la nyundo, injini ikaporomoka kwa kishindo kilichotoa majirani nje, na vidole viwili vya mkono wa kulia vya fundi Luhende vikabaki ndani ya Pijo.

Winnie akavuta pumzi. Akakohoa, akalia, akasema uji wake umemwagika.

Waya ulikuwa umekatika, na kulabu imeangukia miguuni kwa Teodora. Wakati majirani wanamfunga Luhende mkono kwa khanga, yeye aliinamia chuma kile. Shingoni mwake, palipo na ufa, palikuwa na uzi mwekundu umenasa. Teodora aliujua. Ni yeye aliyelipinda gauni la Winnie kwa uzi ule.

Msimu wa mvua uliopita walikwenda Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, kununua dagaa. Winnie aliteleza kwenye ubao kati ya mitumbwi miwili, akazama. Wavuvi walikokota chini ya maji kwa kulabu ya kutafutia nyavu zilizozama, wakakokota na kukokota mpaka wanawake wakaanza kulia msiba, ndipo kulabu ikanasa gauni, na mtoto akaja juu, akatapika maji, akawa mzima. Watu wa pale wana mwiko wao: chuma kilicholinyang'anya ziwa mtu lazima kirudishwe majini siku ileile, na ndugu wa aliyeokolewa ndiye anayekitupa. Luhende alipewa kulabu. Alimwambia mkewe amekwisha kuitupa.

"Ulisema uliitupa," Teodora alimwambia usiku, waliporudi kutoka hospitali.

"Chuma kile ni cha zamani," Luhende alisema. "Hakipatikani tena."

Teodora alimchukia. Sizunguki maneno, alimchukia, na aliona ni haki yake.

Asubuhi waliibeba kulabu kwenye gunia mpaka kwa Akelo, mama wa Kijaluo anayebanika sangara palepale Mwaloni, ambaye siku Winnie alipozama ndiye aliyesisitiza chuma kirudishwe. Mababu zake walikuwa waganga wa maji huko Mara, naye kazi hiyo aliikimbia akaingia kwenye moshi wa samaki, ila watu walimfuata hukohuko. Walimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku analitazama gunia. Hakuligusa. Alimtukana Luhende kwanza, taratibu, bila kupaza sauti, na Luhende akayapokea. Kisha akamgeukia Teodora.

"Jini la ziwani haliwasikii wala haliwaoni," alisema. "Liko chini kule, limeshika ncha ya kamba, na ncha nyingine iko kwenu. Kulabu ikibeba mzigo, linahisi mtoto anapandishwa, linavuta. Halijui hata linamvuta nani. Lingejua kumwita, angeshakuja mwenyewe kwa miguu yake."

Akaeleza la kufanya. Aliyeificha kulabu aisugue kwa mikono yake mwenyewe, kwa jivu na mchanga, kisha akaitupe kwenye kina. Mama asikitazame tena chuma hicho, maana jicho la mzazi nalo ni kamba.

"Lakini isiende na kitu cha mtoto," Akelo alisema. "Uzi, unywele, jasho, chochote chake. Ukirudisha chuma kitupu, umelipa. Ukirudisha na kitu chake, umempeleka kwa mkono wako. Nalo likishapewa, mimi sina dawa."

Luhende aliisugulia kulabu nyuma ya geti. Teodora alikaa ndani na mtoto mapajani, anasikiliza mchanga ukikwaruza chuma, muda mrefu, mpaka akamhurumia kwa kile kidonda chake. Kisha Luhende akaondoka na gunia, na jioni akarudi mikono mitupu. Aliapa kwa kaburi la baba yake kwamba safari hii ameitupa kweli, mvuvi aliyempakia ni shahidi, na uzi aliuchoma moto mbele ya Akelo. Na alisema kweli.

Nyumba ikapoa. Winnie hakukohoa tena. Luhende akaunganisha waya, akafunga mnyororo wa kawaida mahali pa kulabu, na injini ikapanda kavu, bila tone. Mzee Yeremia alikuja na kanzu yake akaisikia Pijo ya baba yake ikinguruma, akalia mbele za watu. Teodora naye, kidogo kidogo, alirudi kumwita mumewe Baba Winnie. Ningependa kuwaachia hapa.

Ila asubuhi moja, jua limechangamka, mke na mume walikuwa wanapanga vyombo ubaoni. Luhende hakuwa bado amezoea kushika vitu kwa vidole vitatu, kwa hiyo Teodora alifuta na yeye akatundika. Kitambaa kilipita juu ya spana, kikakwaruzwa na zile herufi. WINNIE. Kikapita kwenye jeki. WINNIE. Nyundo, karai. Mkono wa Teodora ukasimama.

"Baba Winnie. Ile kulabu nayo uliichomelea jina?"

Luhende alitundika spana, ikaanguka, akaiokota, akaitundika tena.

"Jina la kuchomelea haliondoki kwa mchanga," alisema. "Linataka grinda. Na siku ile umeme ulikuwa umekatika."

"Ukaitupa hivyohivyo."

"Nililipaka grisi," alisema kwa sauti ya chini. "Nilipaka nyingi. Lilikuwa halionekani."

Winnie alikuwa kizingitini na ungo, anachambua mchele. Aliinua kichwa, akageukia magharibi, akatega sikio kama mtoto yeyote anayeitwa na mtu wa mbali.

"Abee?" aliitikia.

Akasikiliza. Akatabasamu kidogo.

"Abee, nakuja," alisema, akaweka ungo chini, akaanza kutafuta ndala zake.