Kompyuta ya Kumshinda Momanyi

Asubuhi hiyo Kipchirchir alifika kwenye kituo cha kununulia majani chai akiwa na kikapu mgongoni. Mke wake Jerusa alikuwa nyuma yake na kikapu chake. Ilikuwa mwaka wa 1999, na umeme ulikuwa umefika sokoni Kiptere na katika nyumba chache za karibu, ya Kipchirchir ikiwemo. Karibu na kituo, redio ya mwenye duka ilikuwa ikiimba kwa sauti ya juu.

"Hiyo ni kaseti ya Momanyi," mama mmoja akasema. "Sikia vile sauti zimepangwa!"

"Wanasema amenunua kompyuta," mwingine akajibu. "Anarekodi nyumbani kwake."

Kipchirchir alishusha kikapu kwa nguvu mpaka majani mengine yakamwagika.

Momanyi alikuwa karani katika kiwanda cha chai. Alikuja kutoka upande wa Kisii akiwa kijana, akaoa, akajenga. Kwa miaka mingi aliimba besi katika kwaya ya kanisa ambayo Kipchirchir aliiongoza. Halafu wawili hao wakagombana juu ya nani achague nyimbo. Momanyi akaondoka, akaanzisha kwaya yake. Sasa jina lake lilikuwa kila mahali.

"Mimi ndiye nilimfundisha kupanga sauti," Kipchirchir alinung'unika.

"Lakini ameimba vizuri," Jerusa akasema.

Maneno hayo yalimchoma kuliko redio yenyewe.

Tangu siku hiyo hakuwa na raha. Akipita karibu na nyumba ya Momanyi, aligeuza uso, lakini masikio yake yalibaki dirishani. Mtu akimsifu Momanyi, aliacha chai yake mezani akatoka. Hata mvua ikinyesha vizuri aliona inanyesha zaidi kwenye shamba la Momanyi.

Siku moja Jerusa alimletea habari.

"Baba Chelimo, nimekutana na Drusilla, mke wa Momanyi. Anasema mume wake anataka niimbe soprano katika kaseti yake ya pili."

"Ulimjibu nini?"

"Nilisema nitakuuliza."

"Basi umeniuliza. Hapana!"

Jerusa alimgeukia. Kisha akasema, "Nimeimba katika kwaya yako tangu nikiwa msichana. Hatujarekodi hata wimbo mmoja. Nikifa leo, watoto wangu hawatakuwa na sauti yangu ya kusikiliza. Hilo ndilo unataka?"

Kipchirchir alitoka nje. Siku iliyofuata alienda Kericho mjini. Alirudi akitembea haraka, macho yakimetameta.

"Nimeona kompyuta," alisema. "Ina kioo kikubwa na spika ndefu kama mtoto wa darasa la kwanza. Momanyi akiiona atalia. Tutauza ng'ombe."

"Ng'ombe wa maziwa?" Jerusa aliuliza.

"Ndiyo, huyo."

Jerusa hakubishana naye. Alienda moja kwa moja kwa jirani yao Sellah. Sellah alifundisha kompyuta katika chuo kimoja mjini, na kila siku alinunua maziwa kwao. Alikuja mara moja.

"Chamgei, mzee," alisalimia. "Nimesikia unanunua kompyuta. Unataka ikufanyie kazi gani?"

"Imshinde Momanyi."

Sellah alicheka. "Na baada ya kumshinda?"

Kipchirchir alikuna kichwa. "Irekodi kwaya."

"Hapo sasa tumeanza kuelewana," Sellah akasema. Akavuta kiti. "Ukirekodi kwa kaseti ya kawaida, watu wote wanaimba pamoja mbele ya maiki. Mmoja akikosea, wote mnarudia. Kompyuta inaweza kuweka kila sauti katika mstari wake. Leo anaimba mtu wa soprano. Kesho anakuja mtu wa alto. Anavaa hedifoni, anasikia soprano ya jana, na yeye anaimba juu yake. Akikosea, unafuta alto peke yake."

"Hata kama mtu wa soprano ameenda shambani?"

"Hata kama yuko Chebunyo kwa dada yake. Lakini angalia vizuri, mzee. Hapo kompyuta inafanya kazi mbili pamoja. Inacheza sauti ya jana, na wakati huohuo inarekodi ya leo. Ndani yake kuna kadi ya sauti. Kuna kadi ambazo haziwezi kufanya yote mawili. Ulimwuliza muuzaji juu ya kadi?"

"Aliniambia juu ya kioo."

"Kioo hakiimbi, mzee."

Jerusa aliangalia chini asionekane akicheka.

Sellah aliendelea kueleza. Pesa ziende kwanza kwenye kadi nzuri ya sauti na maiki nzuri. Kisha ziende kwenye diski, kwa sababu diski ni ghala, na sauti hujaza ghala haraka. Afadhali ziwe diski mbili, moja ya programu na nyingine ya nyimbo. Memori pia iongezwe, ili mashine isikwame mistari ikiwa mingi. Kioo, kibodi na sanduku vinaweza kuwa vya zamani.

"Ofisi nyingi mjini zinauza mashine zilizotumika," alisema. "Tutachukua moja ambayo si kuukuu sana, tubadilishe vitu vya ndani. Bonasi ya chai, ile kiwanda hulipa wakulima kila mwaka, itatosha. Mwache ng'ombe."

Bonasi ilipotoka, walifanya hivyo. Kadi walitafuta mpaka Nakuru, na Sellah hakuruhusu inunuliwe kabla ya kujaribiwa mbele yao. Jumamosi asubuhi aliweka sanduku juu ya meza. Kwanza alichomoa waya wa umeme ukutani. Kisha akashika chuma cha sanduku kwa mkono.

"Kwa nini unakishika hivyo?" Kipchirchir aliuliza.

"Mwili una umeme kidogo, hasa ukivaa sweta. Unaweza kuua kadi na wewe usisikie chochote. Ukigusa chuma kwanza, umeme huo unatoka. Sasa gusa wewe. Kadi utaingiza mwenyewe."

Kipchirchir aliingiza kadi taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Walipowasha, mashine ikaamka.

"Ni nzuri kuliko ya Momanyi?" aliuliza.

"Wewe unaishi hapa ama unaishi kwa Momanyi?" Jerusa akamjibu.

Mambo hayakuwa rahisi. Mara ya kwanza, sauti ya Jerusa ilitoka na mngurumo nyuma yake. Ilikuwa feni ya kompyuta. Sellah akawaambia wapeleke maiki chumba cha pili kwa waya mrefu, na watundike blanketi ukutani ili sauti isirudi. Mara ya pili umeme ulipotea katikati, na wimbo wote ukapotea nao. Kipchirchir nusura alie.

"Kila sauti ikiisha, hifadhi," Sellah alisema. "Usingoje wimbo uishe. Halafu weka nakala kwenye ile diski nyingine."

Kutoka hapo walihifadhi kila mara. Soprano ikakaa vizuri. Alto ikakaa. Kipchirchir mwenyewe aliimba tenori. Lakini besi ilikataa. Bethwel, mwimbaji wao mpya, alijitahidi sana, lakini alishuka chini ya sauti kila alipofika mwisho wa ubeti.

"Wewe unajua nani anaweza wimbo huu," Jerusa alisema.

"Usinitajie huyo mtu."

Wimbo ukakaa bila besi. Alasiri moja Kipchirchir alivaa hedifoni, akafungua mstari wa Jerusa peke yake. Hakuwa amewahi kumsikia hivyo, bila watu wengine kumzunguka. Alisikia hata alivyovuta pumzi. Sauti hiyo ingebaki ndani ya sanduku kwa sababu ya kiburi chake. Akavua hedifoni, akavaa koti, akaenda kwa Momanyi.

Drusilla alimkaribisha sebuleni. Kompyuta ilikuwa pale, mpya, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

"Niwekee wimbo mmoja nisikie," Kipchirchir alimwambia Momanyi.

Momanyi hakuinuka. Drusilla aliangalia mlango.

"Haina wimbo," Momanyi akasema mwishowe. "Ile kaseti tulirekodi studio, huko Nakuru. Hii mashine ikicheza, hairekodi. Ikirekodi, haichezi. Watu walisema narekodi nyumbani, nikawaacha waseme. Niliona aibu kuuliza. Sasa nafikiria kuiuza."

"Na mke wangu ulimtaka wa nini?"

"Nani mwingine ana sauti kama hiyo? Wewe umekuwa naye miaka yote. Mimi nilikuwa nakuonea wivu hata kabla ya kutoka kwaya yako."

Furaha tamu ilimpanda Kipchirchir kifuani. Angeweza kwenda sokoni sasa hivi, akawaambia wote. Au angenyamaza tu, na Momanyi angeuza mashine kwa hasara. Aliionja furaha hiyo kwa muda. Kisha akamwona Drusilla akinyoosha kile kitambaa, ingawa kilikuwa kimenyooka.

"Usiuze," akasema. Maneno yalitoka kwa shida. "Mashine yako si mbaya. Ni kadi ya sauti tu. Inatolewa, inawekwa nyingine. Sellah atatuonyesha. Lakini kwanza njoo uniimbie besi."

Momanyi alikuja Jumapili baada ya ibada. Alivaa hedifoni, akamsikia Jerusa, akafunga macho. Aliimba mpaka mwisho bila kukosea.

Kaseti ilitoka kabla ya Krismasi, ikauzwa mpaka Kedowa. Chelimo, binti yao aliyeolewa mbali, alitumiwa yake. Alituma ujumbe kwamba watoto wake hulala wakimsikiliza nyanya yao.

Momanyi alibadilisha kadi. Mwaka mpya alirekodi wimbo wake wa kwanza nyumbani, akawaletea wausikie. Ulikuwa mzuri. Kwa kweli, ulikuwa mzuri kuliko wimbo wao.

"Umesikia?" Jerusa alimwuliza mume wake.

"Nimesikia," Kipchirchir akajibu.

Ilimuuma kidogo. Alirudisha kaseti nyuma, akausikiliza tena. Kisha akamgeukia Momanyi.

"Niachie hii wiki moja," alisema. "Nataka kujua hiyo alto umeipanga namna gani."