Nililifumba Jicho la Mashine kwa Ajili ya Marehemu Mume Wangu

Nina umri wa miaka hamsini na minne. Ni mjane, ninaishi Kalemie, mji wa kando ya ziwa, na sijawahi kumwomba mtu chumvi. Ninaanza hivyo ili mjue mapema ugonjwa ulioniangusha: majivuno!

Mume wangu, Mulongo, alikuwa fundi wa reli. Nilipokalia benchi la shule nikiwa na miaka thelathini na tisa, miongoni mwa watoto ambao ningeweza kuwazaa, ni yeye aliyenisindikiza siku ya kwanza. Tarehe 27 Julai, nikiwa na miaka arobaini na sita, nilipokea diploma ya informatiki, elimu ya kompyuta. Miaka miwili baadaye, tarehe 9 Februari, Mulongo akafariki.

Hatukujaliwa mtoto. Kwetu jina la marehemu halitupwi; mjukuu hulirithi. Mimi ningempa nani?

Jina hilo niliipa kazi yangu. Katika ofisi ninayofanyia kazi, karibu na bandari, tuna programu inayopokea ujumbe wa wauguzi wa vijiji vya kando ya ziwa na kutafuta boti ya wagonjwa iliyo karibu. Sehemu ile ya kutafuta boti niliiandika mimi, na nikaiita Mulongo. Kila boti ilipookoa mgonjwa, moyoni nilisema: mume wangu amefika.

Mwenzangu Furaha, binti kutoka mji wa Manono, mwenye akili kali, ndiye aliyeleta kichunguzi. Ni chombo kinachochungulia ndani ya mfumo bila kukoma, kazi ikiendelea, na kuonyesha kwenye skrini ni sehemu ipi inayokula muda wa mashine. Kila sehemu ina mstari wake na jina lake. Inayolemea zaidi, mstari wake huwa mpana zaidi.

Tangu Januari, tulipoongeza vijiji vipya, mstari mpana kuliko yote ulikuwa Mulongo...

Papa Kasongo, fundi wa boti, alikuwa akipita na kucheka kwa sauti, akiniita kwa jina la mume wangu kama walivyoniita wote ofisini: "Mama Mulongo, bwana yako amekalia tena kiti chote! Atuachie nafasi kidogo!" Ofisi nzima ilicheka. Je, kuna mjane anayeweza kuvumilia hayo?

Furaha hakucheka. Alinisogelea, akasema polepole: "Mama, si kumutukana marehemu. Ni kazi tu njo inalemea mashine. Tuikate, tuipange upya, mimi na wewe."

Tuikate! Neno hilo lilinichoma kama kisu. Sikusikia kingine.

Jumatatu tarehe 3 Machi nilikizima kichunguzi. Nilimwambia mkurugenzi kwamba kinanyonya umeme wa jua na kuchosha seva. Furaha alipinga: chombo chenyewe, alisema, kinatumia kidogo sana. Mkurugenzi alitazama mvi zangu, akaniamini mimi. Vicheko vikaisha. Nilijiona nimeshinda!

Jumamosi tarehe 12 Aprili mvua ilinyesha pwani yote na wauguzi wengi waliita kwa pamoja. Zamu ilikuwa ya Furaha. Kutoka kijiji cha Mpala muuguzi aliandika kwamba mama mmoja anatokwa damu na mtoto bado hajazaliwa. Boti iliitwa baada ya dakika arobaini. Mama aliokolewa. Mtoto hakuokolewa...

Jumatano iliyofuata tuliitwa sote. Mfumo ulionyesha saa ujumbe ulipoingia na saa boti ilipoitwa. Kati ya hapo hapakuwa na kitu, kwa sababu jicho ambalo lingeona nilikuwa nimelifumba kwa mkono wangu. Na kwa kuwa mtu wa zamu ndiye anayebonyeza kuita boti, ilisemwa kwamba Furaha aliuacha ujumbe ukimngoja.

Furaha aliapa kwamba boti ilichelewa kuonekana kwenye skrini yake. Mkurugenzi akanigeukia mimi, mkubwa wa kitengo chetu: "Mama Mulongo, mfumo unaweza kuchelewa hivyo?"

Furaha alinitazama. Niliinamisha macho, nikajibu: "Hapana."

Neno moja tu! Alifukuzwa siku ileile, akarudi Manono kwa wazazi wake akiwa na jina la mtu aliyeua kwa uzembe.

Alhamisi tarehe 24 Aprili, katika zamu yangu mwenyewe, ujumbe ulikwama tena. Nilikiwasha kichunguzi. Mulongo alitanda kutoka ukingo hadi ukingo. Kwa kila ujumbe, programu yangu ilikuwa ikipima upya njia za vijiji vyote, hata visivyohusika. Vilipokuwa vichache haikudhuru. Vilipoongezeka, ilisongwa. Furaha aliliona hilo tangu mwanzo!

Mgonjwa wa siku hiyo alifika salama. Nami bado nilikaa siku nne na ukweli huo kifuani. Jumatatu tarehe 28 nilimwambia mkurugenzi yote, kwa mdomo na kwa maandishi. Nilivuliwa cheo, na nilistahili. Sehemu ile niliikata na kuipanga upya peke yangu, nikilia.

Furaha aliitwa arudi. Nilimpigia simu mimi mwenyewe, nikaomba msamaha. Akanijibu: "Mama, mimi sina kasirani. Lakini ku Kalemie sirudi. Siku ile nilikuangalia mu macho, wewe ukaangalia chini."

Mama wa Mpala bado sijaenda kumwona. Kila juma napanga safari, kila juma naiahirisha. Nitamwambia nini?

Ndugu wasomaji, nawasihi. Heshima ya marehemu haihitaji uongo wa walio hai. Mulongo niliyemjua angekuwa wa kwanza kuikata kazi ile. Msimchukie anayewaonyesha kosa lenu, awe mtu au mashine. Na kama sasa hivi yupo mtu anayebeba kosa lako, usingoje kupata ujasiri, kwa maana hauji. Inuka hivyohivyo na woga wako, ukaseme, kabla hajafunga mizigo yake!