Sahihi ya Mwalimu Wenceslas

— Kamikazi, niambie ukweli. Jina yangu iliingia namna gani mu ile lisiti ya majina?

Kamikazi akaziba sikio moja na kidole apate kusikia simu. Hapo karibu na uwanja wa ndege wa Kamembe vumbi ilikuwa imesimama, spika zinapiga kama zinataka kupasuka, na juu ya gari Tonton Sombe mwenyewe, na koti yake ya kijani, alikuwa anapungia batu mikono.

— Lisiti gani, sheri? Huku kelele ni mingi!

— Lisiti ya Tonton Sombe. Ile ya sahihi. Niko mbele ya ofisi ya murenge, baliniita.

Kamikazi akageuzia gari mugongo.

— Sijui, Wence. Labda ni muntu mwenye jina kama yako.

— Na namba ya kitambulisho kama yangu?

Tonton Sombe akainua mikono juu ya gari.

— Sombe mu sahani!

Mashabiki bote bakajibu, na mudomo ya Kamikazi, kwa mazoea tu, ikajibu nabo, ndani ya simu:

— Ya kila muntu!

Kule Wenceslas alisikia. Simu ikakatika.

Sasa tulia nikueleze vizuri. Tonton Sombe, wilaya nzima ya Rusizi banamujua. Jina ya nyumbani ni Nsengiyumva, mutoto wa hapa hapa Kamembe, mchekeshaji. Ile video yake ya mama mukwe mwenye kuvuka mpaka ku daraja la Rusizi ya Pili na fungu ya sombe, majani ya muhogo, mu mgongo, ameibeba kama mutoto, anaibembeleza mbele ya batu ba duane, bale ba ushuru, ilizunguka mpaka Bukavu na Kigali. Batu balicheka mpaka bakalia. Kisha mwaka wa uchaguzi ikafika, Tonton akatangaza: anataka kuwa depite, muntu wa bunge. Bila chama, peke yake.

Na mugombea wa peke yake ni lazima akusanye sahihi za batu mu kila wilaya. Jina, namba ya kitambulisho, sahihi. Njo mashabiki bakaingia kazini, na Kamikazi mbele yabo. Yeye ni mushonaji wa nguo mu soko ya Kamembe, alikulia Bukavu, mudomo ni moto. Ile koti ya kijani ya Tonton, ni yeye aliishona, usiku na mchana siku tatu. Miaka mitatu alikuwa anaendesha grupu ya WhatsApp ya mashabiki pamoja na Jules, musimamizi wabo.

Na Wenceslas? Wenceslas Habumugisha ni mwalimu huko juu Mibirizi. Muntu mupole. Miaka minane alikuwa anajitolea mu kazi ya uchaguzi: njo yeye anakaa ku meza, anafungua kitabu, anatafuta jina yako. Muntu wa ile meza hana upande. Anainua mukono, anaapa. Wence alikuwa anaishika ile kiapo mpaka Kamikazi anamucheka, juu hata video za Tonton alikataa kuziangalia.

— Nitacheka uchaguzi ikiisha, anasema. Niwekee.

Ndoa yabo ya serikali ilikuwa imebakiza wiki tatu.

Siku ya mwisho ya kukusanya sahihi, Jules alifika mu kibanda ya Kamikazi jasho inamutoka.

— Tunakosa moja! Moja tu! Ule mama wa samaki bwana yake amemukataza, amefuta yake. Na gari ya Kigali inaondoka saa nane.

— Tafuta muntu ku njia.

— Mu dakika kumi? Bote banaogopa kutoa kitambulisho. Wence je?

— Wence hapana. Yeye ni wa uchaguzi.

— Nani atajua? Jina moja mu majina yote hii! Tena weye ni bibi yake.

— Bado.

— Wiki tatu! Wiki tatu ni bado?

Kamikazi akacheka. Na ile kucheka njo ilimupoteza. Maana mu mukoba yake mulikuwa bahasha ya dosiye, karatasi zote za ndoa, na ndani kopi ya kitambulisho ya Wenceslas, safi, namba zote zinaonekana. Kesho yake alikuwa aipeleke ku murenge, ofisi ya serikali. Sahihi ya Wence aliijua sana: ile W kubwa, na mukia murefu chini. Akaandika. Alijiambia tu: cha bwana yangu si ni changu?

Alisahau kitu moja. Zile karatasi zilirudi Rusizi kuchunguzwa, na batu ba kuzichunguza ni bale bale balikaa na Wence ku meza moja miaka minane.

Jioni ile, Tonton alipoondoka, Kamikazi akatuma ujumbe.

"Sheri nisamehe nilikuwa mu kelele. Bamesema nini?"

Akaona ameisoma. Nusu saa ikapita. Kisha:

"Bamenitoa mu kazi ya uchaguzi. Usijali."

Usijali! Kamikazi akaibusu simu. Aliona ameponea. Akarudi mu grupu akaweka picha za Tonton na koti ya kijani, na mioyo kumi na mbili chini yake.

Kesho yake saa nne, mashine inakimbia juu ya kitambaa, mama yake, Maman Vénantie, akaingia ku kibanda bila kusalimia.

— Kumbe huyu mukwe wangu ni muongo?

— Maman, nani?

— Weye una wangapi? Soko nzima banamusema. Mwalimu aliapa hana upande, kumbe alisaini karatasi ya mchekeshaji! Mzee Bizimana wa uchaguzi amemuuliza mbele ya batu: "Hii sahihi ni yako?" Akajibu ndiyo.

Mashine ikasimama.

— Alijibu nini?

— Ndiyo! Macho wazi! Sasa batoto ba shule bakimuona ku njia banamwimbia: mwalimu sombe, mwalimu sombe! Mutoto wa jirani njo amenihadithia. Kamikazi, mbona unanitazama hivyo? Kamikazi!

Alikuwa amekwisha kutoka, viatu vya ndani ku miguu.

Kamikazi alimukuta Tonton Sombe mu resitora, anakula samaki ndogo za sambaza na batu bake. Jules alikuwa kando yake.

— Tonton, samahani. Mu lisiti ya Rusizi kuna jina moja niliandika miye. Mwenyewe hakujua.

Tonton akasimama na tabasamu ile ya mu video, akamuweka mukono ku bega, akainua simu juu apige picha.

— Cheka kwanza! Haya! Nzuri sana. Weye unaitwa nani tena?

Miaka mitatu.

— Kamikazi. Miye njo nilikushonea koti.

— Aaa, mushonaji! Mungu akubariki mikono. Mambo ya karatasi ongea na Jules, dada.

Akarudi ku sahani yake. Jules akamuvuta Kamikazi nje, anasema kwa meno:

— Unatafuta nini? Rusizi ikipungukiwa hata moja, Tonton ameanguka. Ukifungua mudomo, jina yako itaandikwa mu magrupu yote.

— Na jina ya Wence iko imeandikwa wapi sasa?

— Yeye ni mwalimu, mwezi moja batasahau. Weye fikiri Tonton akiingia bunge! Tutakuwa batu!

— Jules, ameniuliza jina.

— Ana mashabiki maelfu, ulitaka akujue?

Kamikazi alikuwa ameanza kutembea.

Mzee Bizimana, mukubwa wa batu ba uchaguzi mu ule murenge, alikuwa peke yake mu ofisi.

— Mzee, ile sahihi ya Mwalimu Wenceslas si yake. Ni mukono yangu.

Mzee akavua miwani. Akamusogezea karatasi na kalamu.

— Andika.

Akaandika. W kubwa, mukia murefu. Mzee akaiweka kando ya ile ya lisiti, akatazama.

— Nilijua haiwezi kuwa yake. Mwalimu anaandika polepole. Huyu alikuwa na haraka.

— Kama ulijua, juu ya nini ulimutoa?

— Nilimuuliza mara tatu, mwana wangu. Mara tatu. Kila mara anasema ni yangu. Miye niandike nini?

Kamikazi akalia pale, mbele ya kalenda na majalada. Kisha akaandika maelezo yake, na chini akaweka sahihi yake mwenyewe. Mzee alimwambia Jumatatu atarudi, kuna bakubwa bengine ba kumusikiliza. Alirudi, akasikilizwa, akagombezwa sana, akapewa onyo ya kuandikwa.

Jina ya Wenceslas ikafutwa. Rusizi ikapungukiwa moja. Tonton Sombe akaanguka mbele ya kuanza.

Siku ile ile akaingia laivu na koti yake ya kijani, macho nyekundu: "Nyumbani njo baliniuza. Mwanamuke moja tu!" Hakutaja jina. Jules alitaja. Simu ya Kamikazi ikaanza kutetemeka juu ya meza kama muntu mwenye malaria.

"Judasi wa Kamembe."

"Wivu ya bure, ulitaka akuoe?"

"Shona mudomo yako sasa."

Kisha moja fupi: "Jules amekuondoa mu grupu."

Hakuumia sana. Alikuwa anangoja ujumbe ya muntu moja tu, na ile haikukuja. Siku ya tano akapanda Mibirizi. Alimukuta ku kanjia kadogo ya kutoka shule, rundo ya madaftari mikononi.

— Mwalimu.

— Kamikazi.

Bakasimama. Mama moja na jembe akapita kati yabo, akasalimia, akageuka mara mbili.

— Nilisikia ulienda kwa Mzee, Wence akasema. Ulifanya vizuri. Bamenirudisha kazi.

— Nisamehe.

— Nilikusamehe siku ile ile, mbele ya murenge. Nilipoiona ile W nikajua ni nani.

Kamikazi akapumua kama muntu ametoka mu maji.

— Basi ile dosiye yetu...

— Nimeenda kuitoa. Juzi.

— Umeitoa? Wence, umenisamehe ama hukunisamehe?

— Nimekusamehe. Lakini nisikilize. Mwaka moja kaka yangu alikuja kupiga kura bila kitambulisho. Kaka yangu wa tumbo moja! Nilimurudisha nyumbani, mpaka leo mama ananinunia. Na Mzee aliponiuliza ile sahihi, nilidanganya mara tatu kwa ajili yako. Unajua nini iliniogopesha?

— Nini?

— Haikuniuma. Hata kidogo. Angeniuliza mara kumi, ningesema ndiyo mara kumi.

— Ni juu ulinipenda.

— Ni juu nakupenda. Njo shida yenyewe. Weye unaandika jina yangu bila kuniuliza, na miye nasema ni yangu. Mu ile nyumba, nani atasema hapana?

— Nitabadilika, Wence. Naapa.

— Weye umekwisha kubadilika. Ulienda peke yako, ukasema. Miye njo sijabadilika. Hata sasa ukiniambia niseme ile sahihi ni yangu, nitasema. Siwezi kuingia mu ndoa namna hii.

Kamikazi akamushika ku mukono ya shati. Daftari moja ikaanguka. Hakuna mwenye kuiokota.

— Kama ungenipigia tu simu siku ile, Wence akasema polepole. Ukaniuliza.

— Ungesema hapana.

— Ningesema hapana. Ungenuna. Na jioni tungekula pamoja.

Akainama, akaokota daftari, akapanguza udongo na kiganja, akaenda. Hakwenda haraka. Kila hatua Kamikazi aliona anaweza bado kumuita. Na alijua akimuita, atarudi. Njo maana hakumuita.

Siku ya uchaguzi alipanda tena Mibirizi. Hakupenda, lakini jina yake ilikuwa huko: wakati bangali banapanga ndoa alikuwa ameihamisha kutoka Kamembe, juu huko njo bangeishi.

Sasa weye unajua kwetu siku ya kura banapamba vyumba. Ile darasa ya Wenceslas balikuwa bameipamba na vitambaa vyeupe kutoka dari mpaka chini, maua mu kila kona, arusi kamili. Kamikazi akaingia. Mbele, ku meza, Wenceslas alikuwa amevaa suti nyeusi na tai.

— Kitambulisho, tafadhali.

Akampa. Wence akafungua kitabu, kidole ikashuka polepole juu ya majina, ikafika ku jina yake, ikasimama. Ikakaa pale kidogo zaidi ya vile ilihitaji.

— Uko hapa, akasema.

Akaenda nyuma ya pazia, akapiga kura yake, akatumbukiza karatasi, akarudi ku meza kutiwa wino. Wence akafungua kachupa. Kamikazi akanyoosha mukono ya kushoto, na sijui alikuwa anafikiri nini, katikati ya vile vitambaa vyeupe: akamupa kidole ya pete.

Wence akaitazama ile kidole. Muntu wa pili ku meza akajifanya anahesabu karatasi.

— Si hii, Kamikazi, akamwambia kwa sauti ya chini. Ni gumba.

Akamukunjia kidole ya pete mwenyewe, pole pole, akafungua gumba, akaichovya mu wino, akaiachilia.

Kisha akainua macho ku mulango.

— Mwingine aingie.