Harufu ya Jumapili

Mimi na mke wangu Waringa tunababua vichwa vya mbuzi katika soko la Kiamaiko, Nairobi. Mimi napasua kuni. Yeye anageuza vichwa motoni kwa ndoano mpaka manyoya yaishe. Siku sita kwa wiki tunanuka manyoya yaliyoungua. Jumapili hatuwashi moto.

Waringa ana kifafa. Alikuwa akimeza dawa asubuhi na jioni, na kwa miaka miwili hakuwa ameanguka. Lakini mwaka huu alipungua mwili, akawa mzito wa kufikiri. Alisahau mambo. Siku moja alitafuta kisu huku amekishika.

"Hizo dawa zinakula ubongo wako," nikamwambia.

"Umekuwa daktari lini, Baba Shiku?"

"Vichwa navijua. Ubongo hujengwa na ubongo."

Nikatupa vidonge chooni. Kila jioni nikamchemshia supu ya ubongo wa mbuzi. Siku za kwanza alichangamka, hata akaimba. Nikajisifu kwa jirani yetu Hashi, mchinjaji.

Jumapili moja mchana Waringa alikuwa akichambua mchele. Mikono yake ikasimama.

"Nani anababua?"

"Hakuna. Leo ni Jumapili."

"Manyoya yanaungua. Yako karibu sana."

Nikanusa. Nilisikia harufu ya sabuni tu. Nikatoka nje kutazama. Jiko letu lilikuwa majivu baridi. Niliporudi, alikuwa akinitazama bila kupepesa macho. Mdomo wake ulitafuna kitu ambacho hakikuwapo.

"Waringa?"

Sura ilikuwa yake, lakini ndani hamkuwa na mtu. Kisha akaanguka. Mwili ukakauka, ukaanza kutikisika.

Nilipiga kelele, nikashika kijiko nimtie mdomoni. Nabwire, mhudumu wa afya wa mtaa wetu, akaingia mbio.

"Weka chini hicho kijiko! Unataka kumvunja meno? Sogeza stuli!"

Akamwekea leso chini ya kichwa, akatazama saa. Mtikisiko ulipoisha, akamlaza kwa ubavu.

"Dakika tatu," akasema. "Zikipita tano, mkimbize hospitali. Dawa zake ziko wapi?"

Nikaanza kuokota mchele.

"Baba Shiku, nakuuliza."

"Chooni. Zilikuwa zinamla ubongo. Nikampa wa mbuzi."

Nabwire alinitazama kama mtu anayetazama nyama iliyooza.

"Sikiliza. Ubongo hujijenga kila siku kwa protini. Hata kumbukumbu huhitaji protini mpya. Lakini tumbo huvunjavunja huo ubongo wa mbuzi kama nyama nyingine yoyote. Hauendi kichwani ukiwa mzima."

"Na dawa?"

"Dawa hutuliza ubongo usiwake ovyo. Ikizidi, mtu huwa mzito na kusahau. Watafiti wamepima wanyama, wakaona dozi kubwa mno inaweza kupunguza ujenzi wa protini. Kwa hiyo hukuota tu. Lakini kifafa kikishika muda mrefu nacho huzuia ujenzi huo, tena vibaya. Dozi hupimwa na daktari, haitupwi. Ukiiacha ghafla, kifafa hurudi na nguvu. Kama angeanguka kesho saa hizi, angekuwa wapi?"

Akilini nililiona jiko letu, na Waringa ameinama juu ya moto.

"Na ile harufu?" nikauliza. "Jiko ni baridi."

"Ilitoka kwenye ubongo wake. Kwa wengine kifafa huanza hivyo. Akiisikia, akae chini mara moja. Sasa inuka, twende hospitali."

Daktari alimpima uzito. Dozi ya zamani ilikuwa imemzidi tangu apungue. Akamrudishia dawa kwa kipimo kidogo, na kila mwezi anamwangalia tena. Waringa hakaribii moto siku hizi. Mimi nababua, yeye anauza.

Imepita miezi saba. Hajaanguka. Visu vyote anajua vilipo. Supu bado tunakunywa, kama chakula.

Jumapili iliyopita alikuwa akichambua mchele. Mikono yake ikasimama.

"Baba Shiku, manyoya yanaungua."

Nikamkalisha sakafuni, nikasogeza stuli, nikatazama saa. Akanikazia macho. Akapepesa.

"Nusa basi," akasema.

Nikanusa. Hata mimi niliisikia. Nikafungua mlango. Ng'ambo ya njia, Hashi alikuwa ameinama juu ya moto na kichwa cha mbuzi kwenye ndoano.

"Nina oda ya harusi ya kesho!" akaita. "Mbona umetoa macho hivyo?"

Nyuma yangu Waringa alikuwa anacheka.