Bonde Lililonyamaza Alhamisi

Maiti ya Habimana ilionekana Ijumaa asubuhi, upande wa magharibi wa kilima cha Ruhembe, mahali ambapo mtu mwenye akili zake hapandi. Ruhembe si kirefu, lakini kiangazi kikikolea kinageuka jangwa: mawe, vumbi, miiba, basi. Njia ni moja tu, ile ya mashariki inayokwenda mpaka kwenye msalaba wa parokia kileleni. Sasa mzee mzima, mwenyekiti wa kamati ya maji, alikuwa anatafuta nini kusiko na njia? Swali hilo ndilo lililomtoa Koplo Jovina wilayani Ngara, na alipofika Kibimba Jumamosi asubuhi akakuta kijiji kimeshajijibu.

"Aliyemuua tunaye," alisema Anastazi, mwenyekiti wa kijiji, hata salamu hazijapoa. "Yule Msukuma mfugaji, Shibuda. Tumemfungia ofisini. Ndiye aliyekuja kusema ameona maiti, eti alikuwa anatafuta ndama. Na wiki iliyopita aligombana na marehemu mbele za watu."

"Waligombania nini?"

"Maji, afande. Chemchemi yetu ilikauka tangu mwezi wa saba, ng'ombe zake zimeikanyaga. Ajabu yake, Alhamisi mchana maji yakaanza kurudi, kidogo kidogo. Sasa wanawake wanasema Habimana alikuwa anatuaga." Anastazi alipunguza sauti. "Tunazika saa kumi. Nikwambie ukweli, vijana wakitoka kaburini wanakwenda kuchoma kwa Shibuda. Mke na watoto wako kule, na mimi nina mgambo wawili tu."

Taarifa ya daktari aliyokuwa nayo Jovina mfukoni haikumsaidia hata kidogo. Daktari aliandika kwamba fuvu lilipasuka, mguu ulivunjika, na mtu alikata roho Ijumaa karibu na mapambazuko. Saa hiyo hiyo, kwa maneno yake mwenyewe, Shibuda alikuwa kilimani.

Alimkuta ameketi sakafuni, jicho moja limevimba likafumba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Ulimkutaje?"

"Kalala kifudifudi kwenye miiba. Nikamgusa shingo. Alikuwa bado na joto kidogo."

Jovina aliacha kuandika. "Baba, unajua neno hilo linakumaliza wewe mwenyewe?"

"Umeniuliza, nimekujibu."

"Ungeondoka zako kimya, nani angejua?"

"Mtu aliwe na fisi kwa sababu nimegombana naye?" Shibuda alitikisa kichwa kama aliyeulizwa jambo la kipumbavu. "Mimi wanipige. Ila afande, wanangu wako peke yao na mama yao. Hilo ndilo linaninyima usingizi."

Msibani, Domisiana, mjane wa marehemu, alikuwa ameketi mkekani hana machozi tena. Alisema mumewe aliondoka Alhamisi asubuhi kwa njia ya msalaba.

"Alikwenda kuangalia maji. Alikuwa ananiambia, mama Francisca, maji ya kiangazi hupungua, hayakatiki siku moja. Haya yamekatika."

"Aliamini ni ng'ombe?"

"Mwanzoni. Siku za mwisho alikuwa ananyamaza tu."

Pembeni yake aliketi Niyomugabo, mdogo wake marehemu, macho mekundu, hajala tangu juzi kwa maelezo ya watu. Jovina alimpa pole, kisha akamuuliza Alhamisi alikuwa wapi.

"Bondeni, napanda maharage na vibarua. Muulize Claudia."

Jovina alimwomba Claudia huyo amwonyeshe njia ya kufikia ubavu wa magharibi. Alikuwa mwanamke mcheshi aliyejitahidi kuficha ucheshi wake kwa heshima ya msiba. Walipita bondeni. Mashamba yote yalikuwa matupu, hakuna mtu hata mmoja aliyeinama.

"Majembe yametundikwa," alisema Claudia. "Mpaka azikwe."

Jovina alijua. Kwao Lusahunga jirani akifa, mama yake aliacha tuta katikati, na ole wake mtoto ambaye angegusa jembe. Na kama aliyekufa ni wa damu yenu, aliyelima kabla ya maziko alihesabiwa kuwa amewachimbia kaburi waliobaki. Mambo hayo haambiwi mtu, anakua nayo.

Walifika shamba lililo chini kabisa ya kilima na viatu vya Jovina vikanata matope. Matope, kiangazi kile! Tuta moja lilikuwa limeishia nusu. Kando yake palikuwa na beseni la mbegu za maharage zilizolowekwa, zimeota mikia na kuanza kunuka.

"La nani hili?"

"La Niyomugabo. Ona mbegu zinavyoharibika. Wiki nzima katuhimiza, panda, panda, Alhamisi tukaja na giza. Halafu katikati ya kazi akaenda kukata fito, akarudi mikono mitupu, akasema wekeni majembe, nendeni nyumbani. Jua halijafika hata utosini."

"Alisema sababu?"

"Hakusema. Tena alitufukuza hasa, bonde zima likabaki tupu. Nilidhani anaumwa."

Jovina alimshukuru, akaanza kupanda. Alipanda kwa mikono zaidi ya miguu. Kokoto zilimteleza, miiba ikamchana suruali mapajani, na jua la Ruhembe halikuwa na huruma kwa mtu wa serikali wala wa kijijini. Alipofika mahali maiti ilipokuwa akapumzika, akatazama mawe ya juu yake. Yalikuwa na damu iliyokauka ikawa nyeusi. Jiwe moja lilikuwa na uzi wa shati. Mbele yake, kwenye vumbi, palikuwa na vishimo viwili viwili.

Watu walisema Shibuda alimburuta mzee kutoka njiani. Lakini anayeburutwa huacha michirizi ya visigino, na hii ilikuwa alama ya viwiko. Habimana alitambaa mwenyewe, mguu umevunjika, kutoka juu kuja chini. Jovina akaifuata damu kuelekea ilikotoka, mpaka kwenye ufa wa mwamba karibu na kilele, na hapo akasikia maji.

Ndani ya ufa kulikuwa na ukuta wa mawe na udongo wa mfinyanzi, umejengwa kwa ustadi na kufichwa kwa matawi. Ulikuwa umeyazuia maji yasiende mashariki, kwenye chemchemi ya kijiji, ukayageuzia magharibi. Nusu yake ilikuwa imebomolewa, na sasa maji yaligawanyika, mengine huku, mengine kule. Kwa hiyo aliyeubomoa aliubomoa Alhamisi kabla ya mchana. Chini ya ukuta, kwenye mwamba, palikuwa na doa kubwa la damu. Jovina aligeuka akatazama bondeni. Katika bonde lote la rangi ya vumbi, shamba moja tu lilikuwa jeusi kwa unyevu.

Alishuka akiwa ameshikwa na huzuni hata kabla ya kushikwa na hasira.

Saa tisa alimwita Niyomugabo nyuma ya nyumba, kwenye migomba, pamoja na Domisiana, Anastazi na Claudia.

"Ulipata lini habari kwamba kaka yako amekufa?"

"Ijumaa asubuhi, kama watu wote."

"Na jembe uliliweka lini?"

Niyomugabo alianza kujipangusa viganja kwenye suruali.

"Ijumaa wote waliacha kulima, ndiyo maana hakuna aliyekushangaa," alisema Jovina. "Ila wewe uliacha Alhamisi, mbegu zimeshalowekwa, tuta liko nusu. Ulikuwa unamwombolezea nani, Niyomugabo, wakati hakuna aliyekufa hapa kijijini?"

Anastazi alisogea nyuma hatua moja, mkono kinywani. Niyomugabo aliketi chini, kwenye majani makavu, polepole.

"Nilisikia mawe yanaporomoka, nikapanda," alisema. "Nikamkuta anabomoa. Nikamwambia, kaka, niachie mavuno haya tu. Akasema atanitaja kanisani mbele ya watu wote. Nikamsukuma. Sikutaka afe, nilitaka auache ukuta. Nilimwita mara mbili, hakuitika."

"Na Shibuda? Ungeacha wamchomee watoto?"

Niyomugabo aliokota jani kavu, akalivunjavunja.

"Ungeendelea kulima nisingekujua," Jovina alimwambia, karibu kwa upole.

Niyomugabo alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Ndugu yangu amelala juu, halafu mimi nilime?"

Jovina alitamani aishie hapo. Lakini mjane alikuwa na haki ya kujua.

"Kaka yako hakufa Alhamisi," alisema. "Alizimia tu. Daktari anasema alikata roho Ijumaa, karibu na mapambazuko. Alizinduka akatambaa mchana na usiku, na hakutambaa kuelekea njia ya msalaba. Alitambaa kuelekea shambani kwako, kwa sababu ndiko alikojua kuna watu."

"Tungemsikia," alisema Claudia, sauti imemkauka. "Afande, tungekuwepo tungemsikia."

Domisiana alimgeukia shemeji yake. "Ulikaa kwangu jioni ile," alisema. "Uliniambia huna hamu ya kula."

Anastazi aliondoka mbio kwenda kufungua mlango wa ofisi. Kule kaburini vijana walikuwa bado wanachimba, na mdundo wa majembe ulifika mpaka migombani. Jovina alipotaka kumshika Niyomugabo mkono ili amfunge pingu, hakuupata. Mikono yote miwili ilikuwa imeziba masikio.