Ngoma ya Mkutano wa Vijana

Kila jioni baada ya shule, Exaucée alipitia kanisani kwao, nyuma ya maduka ya Nakivubo, akafagia ukumbi, kisha akapiga ngoma. Wiki hii alifagia harakaharaka tu. Jumamosi viongozi wa huduma za vijana wangekuja kutoka makanisa ya Kampala nzima, naye ndiye aliyechaguliwa kuwapokea kwa ngoma. Hata usingizi ulikuwa umemhama kwa furaha.

Jioni moja ya wiki hiyo ngoma ilikuwa imelegea kwa mvua. Elie, kiongozi wa vijana, ambaye wadogo walimwita Yaya, yaani kaka, alikuwa amemkataza kuikausha peke yake. Lakini Exaucée alijiona mjuzi, akaiinamisha juu ya jiko la makaa la muuza chai. Ngozi ilikaza, ikazidi kukaza, kisha ikapasuka kwa kishindo.

Elie alipofika na kuuliza nani kaiharibu, Exaucée aliona nafasi yake ya Jumamosi ikimponyoka. Akasema amemwona Latif, mtoto wa fundi viatu jirani, akitoka uani. Kweli Latif alikuwa ameingia uani, lakini alifuata mpira wake.

Elie hakuuliza la pili. Alichukua fimbo ya ngoma, akatoka na wenzake wawili. Walimkuta Latif kando ya mfereji, wakamwangusha. Mmoja alimpiga teke la mbavu, mwingine akamkanyaga mkono. Elie, ambaye Jumamosi angefundisha juu ya upendo, aliishusha ile fimbo kichwani pa mtoto, akairudia tena. Damu ikamfunika Latif macho. Wapita njia wakaanza kupaza sauti kwamba ni mwizi, na mmoja akainama kuokota jiwe.

Exaucée alikuwa amewafuata. Aliona wazi kwamba akinyamaza, Latif atauawa. Akajitupa juu yake, na fimbo ikamshukia yeye begani.

"Yaya Elie, acha. Ni mimi niliyeichoma ngoma kwenye jiko."

Fimbo ikamponyoka Elie mkononi, na aliyeokota jiwe akaliachia.

Pasta Augustin wa kanisa hilo alimkimbiza Latif kliniki, alikoshonwa kichwa na kufungwa mkono. Elie akavuliwa uongozi siku ileile.

Jumamosi ngoma haikupigwa. Badala yake Exaucée na Elie walisimama mbele ya wageni wakasimulia walichofanya, machozi yakiwatoka. Kisha Pasta akamwomba Mama Latif, aliyekaa na mwanawe mstari wa mbele, aseme neno. Mama huyo alijifunga mtandio wake vizuri, akainuka.

"Nimewasamehe," alisema. "Wewe binti, ukikosea, sema kweli siku ileile, hata kama unaogopa. Na nyinyi viongozi, ulizeni kabla ya kuinua mkono. Ngozi ya ngoma mtawamba nyingine. Mwanangu anayo hii moja tu."