Pai ya Kwanza Huliwa Kimya

"Usichungulie boksi, Hester! Ukishajua imetoka duka gani utaionea."

"Mimi nimwonee nani, Bi Edna?"

"Wewe! Mwaka jana ile ya duka la bei poa uliipa maksi nne hata hujaionja."

Hester Naylor akacheka, akarudi kukaa. Jikoni kwake pale Skipton, Jumamosi ya pili ya Desemba, kulikuwa na sahani sita mezani, kila moja na pai mbili na karatasi yake ya namba. Ni pai za Krismasi kutoka maduka sita, na maboksi yake yamefichwa chini ya kitambaa ili mtu asipendelee. Jina la pai hizo kwa Kiingereza lina nyama ya kusaga, lakini nyama ilishatoka humo enzi na enzi. Zimebaki zabibu kavu, maganda ya chungwa, viungo, na brandi kwa duka lisilo na ubahili.

Mchezo huo wa kuonja na kutoa maksi aliuanzisha mama yake Hester. Mama alipofariki, Hester akaurithi pamoja na jirani yao, Bi Edna Thackray, mjane wa miaka sabini na tisa mwenye meno ya bandia na ulimi usiolala. Bi Edna alikuwa anagawa maksi kama pipi. Hester, loo! Mkutubi yule tangu msichana mpaka leo ana arobaini na tatu, hajawahi kuipa pai kumi juu ya kumi. Aliwahi kutoa tisa mara moja, akajuta wiki nzima.

"Haya," Bi Edna akasema. "Sharti unalijua. Ya kwanza ya mwaka huliwa nzima, unaomba ombi lako moyoni, na kimya mpaka chembe ya mwisho. Ukitamka neno, ombi limekufa mpaka Desemba nyingine."

"Nalijua. Mwaka jana si niliitikia simu?"

"Na bomba likapasuka, na paa likavuja."

"Na yeye hakusema kitu mwaka mzima," Hester akaongeza kwa sauti ndogo.

Bi Edna hakuuliza "yeye" ni nani. Yeye ni Emrys Pugh, Mwelshi wa miaka arobaini na sita anayeuza jibini sokoni, barabara kuu. Kwa miaka minne Hester amenunua kwake jibini kila Jumamosi, na jibini lenyewe hata halipendi.

"Mwanangu, miaka minne nakula jibini la mapenzi yako," Bi Edna akasema. "Tumbo langu limechoka. Omba kitu cha maana."

Hester akachukua pai namba moja, akafumba macho. *Emrys afungue mdomo. Basi.* Akauma. Bi Edna naye akauma ya kwake.

Hapo hapo mlango wa nyuma ukagongwa, ukafunguka. Emrys huyo, kofia mkononi, aproni ya kazi bado kiunoni, na kipande cha jibini kwenye karatasi. Jumamosi huwa haondoki sokoni, kwa hiyo mambo ya meza hii alikuwa akiyasikia kwa juujuu tu. Habari za kimya hakuwa nazo kabisa.

"Samahani kuingia hivi. Nimemwachia muuza maua meza yangu, nina dakika kumi."

Wanawake wawili wakamtazama, mashavu yamejaa.

"Hester, kaka yangu Gwilym ananitaka nirudi kwetu Carmarthen, tuendeshe wote kiwanda cha jibini cha marehemu baba. Leo saa kumi ananipigia. Nisipompa jibu, nafasi anampa binamu yetu Dilwyn."

Hester akaacha kutafuna.

"Mimi sitaki kwenda. Lakini hapa sina cha kunibakisha ila wewe, na wewe sijui unanichukuliaje. Miaka minne nakukatia jibini, nakuongezea kipande, nakusindikiza mpaka darajani pale mferejini, halafu narudi nyumbani na maneno yangu. Leo nayasema hata nikiaibika. Nakupenda, Hester. Niambie nibaki, nitabaki."

Ombi limejibiwa hata halijamezwa, na mwenye ombi mdomo umejaa zabibu! Hester alitaka kulia, alitaka kupiga kelele. Lakini akaona akitamka neno, kile alichopewa kitachukuliwa pale pale. Akatafuna kwa haraka. Ganda kavu likagoma. Machozi yakamjaa.

"Hester? Sema chochote tu."

Akainua kidole cha shahada. Kwake maana yake ilikuwa *ngoja kidogo*.

Emrys akakitazama kidole kile. Akamgeukia Bi Edna apate msaada. Bi Edna naye akatazama dari, anatafuna, meno yanalia taratibu.

"Haya," Emrys akasema, uso umempauka. "Nimekuelewa. Nisamehe kwa usumbufu."

Akaliweka jibini mezani kwa adabu, akatoka.

Hester akasukuma vipande kwa funda la chai, akaokota chembe ya mwisho kwenye kifua cha sweta, akameza. Akakurupuka mpaka mlangoni.

"Emrys! Emrys, nakupenda, rudi!"

Njia ilikuwa tupu. Gari lake lilishapinda kona. Simu mezani ikalia, ujumbe umeingia.

*"Nimeona kidole. Usijisumbue kunieleza. Nazima simu nifunge meza, nitaiwasha saa kumi nimjibu Gwilym. Krismasi njema. E."*

Akapiga. Simu imezimwa. Akapiga tena, vilevile. Bi Edna ndiyo kwanza anameza.

"Mungu wangu! Umemwonyesha kidole?"

"Cha shahada, Bi Edna! Nilimwambia angoje!"

"Mwanaume anakwambia anakupenda, unamnyooshea kidole bila neno, machozi yanakutoka. Angeelewa nini?"

"Na wewe mbona hukunisaidia?"

"Ningekusaidiaje na mimi ya kwanza nilikuwa nayo mdomoni? Halafu nina maumivu ya nyonga, mwanangu, nimeomba nyonga ipone."

Hester akajitupa kitini.

"Basi aende. Mtu anayekata tamaa kwa kidole kimoja, kwenye ndoa angeweza nini?"

"We Hester! Usijifanye. Mama yako alikufa akisema, 'Huyu mtoto kila kitu anakikata maksi mpaka atabaki peke yake.' Pai unaikata, mchungaji unamkata mahubiri yake, na leo unamkata Emrys kwa kosa lako mwenyewe. Saa ngapi?"

"Kumi kasoro robo."

"Basi unakaa kufanya nini hapo?"

Hester akanyakua koti. Mlangoni akasita, akarudi mezani, akachukua pai moja, akaitia mfukoni.

"Ya nini hiyo?" Bi Edna akauliza.

"Ya kwake. Kila Desemba anasema watu wakimpa pai anawapa majirani zake, anasubiri apate mtu wa kuila naye. Mwaka huu nina hakika hajaila."

Akashuka mteremko nusu anakimbia nusu anateleza. Sokoni mahema yalikuwa yanashushwa. Emrys alikuwa anapanga masanduku nyuma ya gari, simu kaiweka juu ya mzani, imeshawashwa. Saa ya kanisa ilikuwa na dakika mbili kufika kumi.

"Emrys!"

Akageuka. Hakutabasamu.

"Hester, nimeshakwambia huna haja ya..."

"Mwaka huu umeshakula pai ya Krismasi?"

"Nini?"

"Nijibu tu!"

"Bado. Lakini..."

"Kwetu ya kwanza huliwa kimya. Ukisema neno kabla hujaimaliza, ombi lako linakufa. Ulipoingia nilikuwa ndiyo kwanza nimeuma."

Emrys akamtazama. Mkono wake ukabaki juu ya sanduku.

"Kwa hiyo kile kidole..."

"Nilisema ngoja!"

"Na Bi Edna?"

"Naye ya kwanza! Shika hii. Omba, uume, unyamaze. Sasa zamu yangu kusema."

Pai ilikuwa imebondeka mfukoni, ina manyoya ya koti. Emrys akaipokea kwa mikono miwili, akafumba macho kidogo, akauma.

"Nakupenda," Hester akasema. "Nimekupenda tangu ile Jumamosi ya mvua uliponishikia mwavuli ukaacha jibini linalowa. Sipendi jibini, Emrys. Hata kidogo. Analila Bi Edna. Nakuja kukuona wewe."

Emrys akatoa macho, anatafuna. Muuza maua wa meza ya pili akaacha ndoo zake.

"Nilikuwa nangoja wewe uanze kusema, na wewe ukaanza siku niliyojiziba mdomo. Nimechoka kungoja. Usiende. Baki hapa, unioe. Eti, utanioa?"

Saa ya kanisa ikagonga. Simu juu ya mzani ikaanza kuita. *Gwilym.*

Hester akalisoma jina lile. Alilijua jambo hili lina uzito gani, ni mali ya baba yao. Akatamani kusema "pokea, sitakulaumu."

Emrys akaitazama simu. Akamtazama Hester. Nusu ya pai ilikuwa bado mkononi. Akainua kidole cha shahada, akakielekeza kwenye simu. *Ngoja.* Kisha akauma tena.

Simu ikaita, ikaita, ikanyamaza. Ikaita mara ya pili, muuza maua akashindwa kuvumilia.

"Kaka, simu!"

Emrys akamwonyesha na yeye kidole. Hester akaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

Ikanyamaza tena. Ujumbe ukawaka kiooni, na Hester akausoma kwa sauti.

*"Saa kumi imepita. Basi nampa Dilwyn. Sijui mwanamke huyo amekufanya nini, lakini mlete nyumbani tumwone, mjinga wewe. G."*

Emrys alikuwa amebakiwa na kipande cha mwisho. Akakila polepole kwa makusudi.

"Unanilipizia?" Hester akauliza.

Akatikisa kichwa kukubali. Akaokota chembe moja kwenye skafu yake, akaitia mdomoni, akameza.

"Ndiyo," akasema.

"Ndiyo unanilipizia, au ndiyo..."

"Ndiyo nitakuoa. Ndiyo nabaki. Njoo hapa."

Akamkumbatia na aproni yake inayonukia jibini. Hester akaiweka pua pale pale kifuani, akavumilia. Muuza maua akapiga makofi, akawatupia shada la majani ya Krismasi.

"Uliomba nini?" Hester akanong'ona.

"Nikisema si linakufa?"

"Basi usiseme."

Walipofika nyumbani Bi Edna alikuwa amefika namba sita peke yake, mashavu mekundu kwa brandi. Akamtazama Emrys, akatazama mikono yao ilivyoshikana.

"Umechelewa, bwana," akamwambia. "Jibini lako nimeshalianza. Hester, nimeshafunua maboksi, ile namba sita uliyochukua ni ya duka la bei poa, nimebakiwa na moja tu hapa, nimeila. Andika maksi zake mwenyewe, mimi mkono umechoka."

Hester akachukua kalamu. Akamuuliza Emrys kwa sauti ndogo ilikuwaje, akaandika, akakunja karatasi, akaenda kuweka maji ya chai.

Bi Edna akangoja ageuke, akaikunjua, akaisoma akiisogeza mbali na macho.

*"Namba sita. Ganda gumu. Zabibu chache. Brandi hakuna kabisa. Kumi juu ya kumi."*